Wadudu waharibifu wa mibuni: macho kwanza, bomba baadaye

Mkulima akiona tawi la mbuni limenyauka au tunda lina tundu, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye bomba la kunyunyizia. Namwelewa, maana jasho la mwaka mzima liko pale mtini. Shida ni kwamba wadudu wengi wa kahawa hawakai juu ya mti bali ndani yake. Ruhuka yumo ndani ya punje, bungua yumo ndani ya shina, kidomozi yuko katikati ya ngozi mbili za jani. Wengi wa wanaobaki nje nao hujifunika nta au hulindwa na sisimizi. Dawa inawapitia juu, inaua nyigu na buibui waliokuwa wakikusaidia bila malipo, na adui anaendelea kula.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nipulize nini, uliza mdudu huyu ni nani na sasa hivi yuko wapi. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kufuata swali hilo.

Hatua ya 1: Kagua shamba kwa mpangilio

Tenga asubuhi moja kila baada ya wiki mbili. Pita shambani kwa mwendo wa kona kona, toka upande mmoja hadi mwingine, ukisimama kwenye miti kama 30 kwa kila hekta. Usichague miti mizuri iliyo kando ya njia. Ingia katikati, fika bondeni, fika chini ya miti ya kivuli.

Kwenye kila mti angalia sehemu nne: matunda (hasa ncha yake, pale ua lilipodondokea), majani pande zote mbili, shina kuanzia ardhini hadi kimo cha goti, na ardhi chini ya mti. Andika ulichoona kwenye daftari pamoja na tarehe. Kumbukumbu ya kichwani hudanganya. Mti mmoja uliooza utaukumbuka kuliko miti 29 iliyo salama, na utapuliza shamba zima kwa ajili ya huo mmoja.

Dalili zenyewe husema. Tundu dogo la mviringo kwenye ncha ya tunda ni ruhuka. Unga wa mbao chini ya shina ni bungua. Matunda machanga yanayodondoka bila tundu, na punje zake zikikatwa zina weusi au ute, mara nyingi ni kimatira. Mabaka ya kahawia yaliyokauka juu ya jani ni kidomozi. Majani yaliyopakwa kama masizi, huku sisimizi wakipanda na kushuka, ni vidugamba au vidung'ata.

Hatua ya 2: Ruhuka, mwizi wa punje

Huyu nitamzungumzia kwa urefu, kwa sababu hakuna mdudu anayesumbua wakulima wa kahawa duniani kuliko yeye. Asili yake ni Afrika, na kahawa ilipokwenda ng'ambo naye alifuata. Colombia alionekana mwaka 1988, na Hawaii, iliyokaa muda mrefu bila yeye, alithibitishwa mwaka 2010.

Ni mbawakawa mweusi, jike lake lina urefu wa milimita moja na nusu hivi. Jike hutoboa tunda kwenye ncha, huchimba njia hadi kwenye punje na kutaga humo. Funza wanaoanguliwa hula punje ile ile waliyozaliwa ndani yake. Majike huzaliwa wengi kuliko madume, kama kumi kwa dume mmoja. Dume hawezi kuruka; huwapanda dada zake humo humo ndani na kufia humo. Kila jike anayetoka nje, basi, anatoka akiwa tayari amepandwa, na kinachomfaa ni tunda jipya tu. Kutoka yai hadi mdudu kamili huchukua takriban mwezi mmoja, hali ya hewa ikiwa ya joto huwa haraka zaidi.

Maisha haya ya kujificha ndiyo nguvu yake na ndiyo udhaifu wake. Ruhuka hana chakula kingine cha maana zaidi ya kahawa. Mavuno yakiisha, anaishi kwenye matunda makavu yaliyobaki mtini na yaliyodondoka chini, akingoja. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, hutoka kwa wingi kutafuta matunda mapya. Ukimnyima daraja hilo kati ya msimu na msimu, umemshinda kwa sehemu kubwa bila tone la dawa.

Fanya hivi:

Wakati wa mavuno, chuma matunda yaliyoiva kila baada ya wiki mbili, au tatu yakiiva polepole. Tunda lililoiva likikaa mtini ni nyumba ya uzazi.

Mchumo wa mwisho ukiisha, rudi shambani na uondoe kila tunda lililobaki: bichi, bivu, kavu, jeusi. Kisha okota ya chini. Kazi hii inachosha, na wengi huiacha kwa sababu matunda yenyewe hayana thamani sokoni. Thamani yake ni ya msimu ujao. Ukilazimika kuchagua kazi moja tu katika mwongozo huu wote, chagua hii.

Ondoa pia matunda ya nje ya msimu, yale machache yanayotokana na maua yaliyochanua peke yao. Yanaonekana baraka, kumbe ndiyo daraja lenyewe.

Matunda uliyookota usiyatupe kwenye shimo la wazi. Yachemshe kwa dakika tano, au yafunge kwenye mfuko wa plastiki usio na tundu na uuache juani hadi wadudu wafe. Baada ya hapo yanaweza kwenda kwenye mboji.

Magunia ya mavuno yasilale shambani. Ukifika penye maji ya kuchambulia, matunda yaliyotobolewa huelea. Yaengue na uyachemshe kama yale mengine. Kausha buni hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 12, maana kwenye punje kavu kiasi hicho ruhuka hawezi kuendelea kuzaana.

Ikiwa jirani yako ametelekeza shamba lake, zungumza naye. Mibuni iliyoachwa ikazaa na kukauka bila kuchumwa italisha shamba lako ruhuka kila mvua, hata ukiwa msafi namna gani. Mkikubaliana, isafisheni kwa pamoja au muikate.

Mitego nayo inasaidia, hasa mwanzo wa mvua, matunda mtini yakiwa machache na majike yakiruka hovyo kutafuta. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu au mbili, ikate dirisha ubavuni, ipake rangi nyekundu. Ndani ning'iniza kichupa chenye mchanganyiko wa methanoli na ethanoli (uwiano wa 1:1 au 3:1), kikiwa na tundu dogo kwenye kifuniko ili harufu itoke polepole. Chini weka maji yenye sabuni kidogo ya kuwazamisha. Tundika kwenye kimo cha kifua, mitego kama 20 kwa hekta. Tahadhari kubwa hapa: methanoli ni sumu, mtu akiinywa inapofusha na kuua. Ihifadhi kwenye chombo kilichoandikwa, mbali na watoto, na usiichanganye ndani ya nyumba. Mtego husaidia kusafisha, lakini haufanyi kazi ya kusafisha kwa niaba yako.

Sasa hesabu. Kwenye kila mmoja wa ile miti 30, chagua tawi moja la katikati, hesabu matunda yote na yale yenye tundu. Jumlisha. Ukipata matunda 45 yaliyotobolewa kati ya 1,500, hiyo ni asilimia 3. Colombia hutumia asilimia 2 kama kiwango cha kuanza kufikiria dawa, lakini namba hiyo haitoshi peke yake. Chuma matunda 100 yenye tundu, yapasue kwa kisu, uone ruhuka yuko wapi. Kama zaidi ya nusu bado wako kwenye njia ya kuingilia na hawajafika kwenye punje, dawa inaweza kuwafikia. Kama wameshaingia, weka bomba chini. Utakuwa unanyunyizia ukuta wakati mwizi yumo chumbani.

Ikiwa bado wako njiani, fikiria kwanza kuvu wanaoua wadudu, Beauveria bassiana, wanaouzwa kama unga au mafuta ya kuchanganya na maji. Kuvu hao ni viumbe hai na jua kali huwaua, kwa hiyo nyunyizia jioni, siku yenye unyevunyevu. Usichanganye na dawa za magonjwa ya kuvu; utakuwa unaua askari wako mwenyewe.

Hatua ya 3: Bungua mweupe wa shina

Bungua wa Afrika ni mbawakawa mkubwa, wa sentimita tatu hivi, mwenye papasi ndefu. Jike hutaga kwenye nyufa za gome, nusu mita ya chini ya shina. Funza hula kwanza chini ya gome akizunguka shina, kisha huingia kwenye mti wenyewe na kuchimba. Anaweza kukaa humo karibu miaka miwili kabla ya kutoka. Fikiria maana yake: mti unaonyauka leo uliingiliwa zamani, na miti inayotagwa leo bado ina sura ya afya. Barani Asia yupo bungua mwingine wa jamii hiyo hiyo pana, anayependa mibuni iliyo kwenye jua kali.

Zuia kabla hajataga. Kabla ya mvua kuanza, sugua nusu mita ya chini ya shina kwa gunzi la mahindi au gunia kukuu hadi gome liwe laini, bila kuumiza ngozi mbichi iliyo chini. Kisha paka chokaa iliyokorogwa kwa maji, kilo 1 kwa lita 10. Gome laini lenye chokaa halimpi jike ufa wa kuficha mayai.

Ukiona unga wa mbao, funza yumo. Tafuta tundu, chomeka spoku ya baiskeli au waya unaopinda, usukume hadi usikie kitu laini kimepasuka, au uvute waya ukiwa na majimaji. Ziba tundu kwa udongo na ukague tena baada ya wiki. Kazi hii inataka subira, lakini mti wenye funza mmoja huokoka.

Mti uliozungushwa gome pande zote hauokoki. Ung'oe na uuchome kabla ya mvua, siyo baada. Wala usiupange nyuma ya nyumba kama kuni za baadaye. Bungua hukomaa ndani ya kuni na kuruka kurudi shambani.

Hatua ya 4: Kimatira

Kimatira hupatikana Afrika. Ana umbo la ngao, urefu wa milimita sita hadi nane, rangi ya kahawia iliyokolea yenye madoa ya rangi ya chungwa na meupe, maridadi kwa kumtazama. Hufyonza machipukizi, vitumba vya maua na matunda mabichi. Tundu la mdomo wake ni dogo mno, hata wewe mwenye macho makali utalikosa, lakini anapofyonza huingiza vimelea vya kuvu vinavyoozesha punje. Nchini Rwanda na Burundi anahusishwa na kasoro ya ladha inayofanya kahawa inuke kiazi kibichi. Punje moja tu yatosha kuharibu kikombe kizima. Ndiyo maana kiwango cha kuvumiliwa ni kidogo sana: wastani wa mdudu mmoja hadi wawili kwa mti.

Kumhesabu, tandika shuka jeupe chini ya mbuni alfajiri kabla jua halijampa nguvu, kisha tikisa matawi kwa nguvu. Hesabu wanaodondoka, wakubwa na watoto.

Anapenda mti uliojifunga, wenye giza katikati. Pogoa. Toa maotea, toa matawi yanayopishana, hadi ukisimama upande mmoja uone mwanga upande wa pili. Kwenye shamba dogo, kumkusanya kwa mkono alfajiri na kumtumbukiza kwenye maji ya sabuni kunatosha. Wakizidi kiwango, dawa itokanayo na maua ya pareto humwangusha vizuri, kwa kuwa huyu hukaa nje.

Hapa pana jambo la kupima kwa busara. Kivuli kizito humfaa kimatira na ruhuka. Jua tupu humfaa kidomozi na yule bungua wa Asia. Kwa hiyo punguza kivuli pale kilipozidi, wala usifyeke miti yote ya kivuli kwa sababu umesoma kwamba kimatira anapenda giza.

Hatua ya 5: Vidugamba na vidung'ata, na sisimizi walio nyuma yao

Vidugamba ni vigamba vya kijani au kahawia vilivyonata kando ya mshipa wa jani na kwenye machipukizi. Vidung'ata ni weupe, wamejifunika kitu kama pamba. Wote hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu. Sisimizi hula utamu huo, na kwa malipo huwafukuza nyigu na mbawakawa wadogo wenye madoa wanaowala. Majimaji yaliyobaki huota kuvu weusi kama masizi, na jani likifunikwa halipati mwanga.

Shughulikia sisimizi kwanza. Zungushia shina kitambaa au plastiki yenye upana wa kiganja, kisha paka grisi juu yake. Usiipake kwenye gome lenyewe. Halafu kata ngazi zao nyingine: matawi yanayogusa ardhi, magugu marefu, miti ya kuegemezea. Ukiacha tawi moja tu linalogusa chini, kazi yote ya grisi imepotea. Sisimizi wakishindwa kupanda, maadui wa asili hufanya sehemu kubwa iliyobaki.

Hili halikugunduliwa kwa bahati. Miaka ya 1920 vidung'ata walivamia kahawa ya nyanda za juu za Kenya. Wataalamu waliwadhania kuwa ni aina nyingine inayojulikana, wakaagiza maadui wake kutoka mbali, wala hawakusaidia. Ilipobainika kuwa ni aina ya peke yake, walitafuta maadui jirani, na mwaka 1938 nyigu wadogo waliotoka Uganda wakaletwa. Ndio waliowatuliza. Kosa la jina lilikuwa limegharimu miaka mingi.

Kwa matawi yaliyozidiwa, nyunyizia maji ya sabuni ya maji, mililita 10 kwa lita, ukilenga chini ya majani. Jaribu kwanza kwenye majani machache na ungoje siku mbili, na usifanye saa za jua kali. Mche ukiwa wa njano bila sababu inayoonekana, fukua kidogo penye shina. Wapo vidung'ata wa mizizi pia, weupe, wakiwa na sisimizi wao.

Hatua ya 6: Kidomozi na wengine wadogo

Mabaka makavu ya kahawia juu ya jani, ukiyabandua ngozi ya juu, ndani yana kiwavi mdogo mweupe. Mama yake ni nondo mweupe wa milimita tatu. Usimchanganye na kutu ya majani, ambayo ni ugonjwa na huonyesha unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Kidomozi huzidi wakati wa kiangazi, na mara nyingi mlipuko wake hufuata upulizaji wa dawa kali iliyoua nyigu wanaomdhibiti. Weka matandazo na, palipo na maji, mwagilia. Mti mkubwa wenye majani mengi huvumilia mabaka kadhaa. Miche na mibuni michanga ndiyo ya kuhangaikia, na kwayo kuchuma majani yaliyoathirika na kuyachoma kunafaa.

Kwenye kahawa aina ya robusta, tawi moja likikauka ghafla huku mengine ni mabichi, tazama upande wake wa chini. Kijitundu kama cha sindano ni kazi ya bungua mdogo mweusi wa vitawi. Kata chini ya tundu, kwenye sehemu yenye uhai, uchome siku hiyo hiyo. Majani yaliyogeuka rangi ya fedha kwa chini wakati wa ukame ni dalili ya vithiripi, wadudu wadogo sana wa majani. Mvua na matandazo huwapunguza.

Hatua ya 7: Ukilazimika kupuliza

Tumia dawa iliyosajiliwa katika nchi yako kwa ajili ya kahawa, kwa kipimo cha lebo. Ukikuta akiba kuukuu ya endosulfani, iliyokuwa dawa maarufu ya ruhuka, usiitumie. Mwaka 2011 iliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani.

Pima bomba lako. Lijaze lita 20 za maji matupu, puliza miti kama kawaida, uhesabu limetosha miti mingapi. Likitosha miti 40, kila mti unatumia nusu lita, na miti 1,200 itahitaji lita 600. Wengi huharibu hapa, kwa kukisia.

Usipulize wakati wa maua: nyuki wako kazini, na robusta haiwezi kuzaa bila chavua ya mti mwingine. Puliza jioni pasipo upepo, ukiwa na glavu, barakoa, buti na mikono mirefu. Puliza sehemu zilizovamiwa tu ikiwa hesabu imeonyesha hivyo. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Lebo nyingi zina namba ya kundi la dawa. Mara ijayo tumia namba tofauti, siyo jina tofauti lenye namba ile ile, ili wadudu wasiizoee dawa. Chupa tupu isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishe kwenye bomba, kisha itoboe isije ikatumika kuwekea maji ya kunywa.

Baada ya siku saba rudi kwenye miti ile ile na uhesabu tena. Kama idadi haikushuka, usiongeze kipimo. Pasua tunda, bandua jani, chungulia tundu la shina, uone mdudu alikuwa wapi dawa ilipopita.